Taa zinawaka; je, nianze kuchukua kazi zangu mwenyewe?

Swali: Shikamoo fundi. Nina miaka 20. Tangu nimalize shule nimekuwa saidia fundi wa mjomba wangu, anayefanya waringi za nyumba. Sasa naweza kufunga swichi, soketi na taa bila kusimamiwa, na zinawaka. Majirani wameanza kuniita mwenyewe, na mmoja anataka nimtolee breka ya ampea 16 inayojikata kila mara nimwekee ya 32. Wazazi wanataka niende chuo. Mjomba anasema chuo ni kupoteza muda kwa kuwa kazi naijua tayari. Je, niko tayari kujitegemea? Ninunue vifaa gani kwanza? Na kusema kweli bado naogopa kupigwa na umeme. Sijui kama woga huu ni dalili kwamba kazi hii si yangu.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Bado hujawa tayari kujitegemea, lakini pia usimwache mjomba. Nenda chuo, na siku ambazo huna darasa rudi saiti umshikie ngazi. Najua jibu hilo halimpendezi mtu ambaye majirani wameshaanza kumwita fundi, kwa hiyo nivumilie nikueleze sababu.

Umenipa ushahidi mmoja tu kwamba kazi unaijua: taa zinawaka. Fundi bomba akikosea, maji humwumbua siku hiyohiyo. Umeme hunyamaza. Unaweza kufunga vibaya kabisa na kila kitu kikawaka, na ubaya wake ukajitokeza baada ya miaka, wewe ukiwa umeshalipwa na umeshasahau hata nyumba ilikuwa ipi.

Chukua swichi ya taa iliyowekwa kwenye nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, badala ya waya wa moto unaouleta. Ukibonyeza, taa inazima. Ukibonyeza tena, inawaka. Mwenye nyumba ameridhika. Lakini hata taa ikiwa imezimwa, waya wa moto umefika moja kwa moja mpaka kwenye holda, na volti 230 ziko pale zinangoja. Siku mtu akipanda kwenye kiti kubadilisha balbu, akiamini amezima, kidole kikigusa chuma cha ndani ya holda anapigwa akiwa juu ya kiti.

Au chukua ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Birika la umeme huchemsha maji vilevile, ethi iwepo au iwe imekatika. Siku zote ambazo vyombo ni vizima, ethi haina inachofanya. Kazi yake ni siku ile moja ambayo waya wa moto umechubuka ndani ya birika ukagusa bati. Ethi ikiwa nzima, mkondo mkubwa hupita ghafla na breka inakata. Ikiwa haipo, birika linabaki pale mezani likiwa na umeme, na linaendelea kuchemsha.

La tatu ndilo ninalolikuta mara nyingi zaidi katika nyumba zilizoungua soketi: skrubu isiyokazwa. Hapa naomba ukae na kalamu. Birika la wati 2,000 kwenye volti 230 hula mkondo wa ampea 8.7 hivi. Pale waya ulipoingia kwenye teminali ya soketi, kama umekazwa vizuri, ukinzani wake, yaani jinsi panavyouzuia umeme kupita, ni mdogo mno hata kuupima ni shida; hupimwa kwa omu. Sasa chukulia skrubu imelegea na ukinzani pale umefika nusu omu. Joto linalozalishwa kwenye kiungo ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: 8.7 mara 8.7 mara 0.5, unapata karibu wati 38. Pasi ya kulehemu risasi, ile inayoyeyusha madini, mara nyingi ni ya wati 40. Ina maana umemwekea mteja pasi ya kulehemu ndani ya plastiki ya soketi yake, na kila akichemsha maji anaiwasha. Breka haitajua kitu, kwa sababu mkondo ni uleule wa ampea 8.7, nayo inakubali 16. Na joto lenyewe huzidi kuilegeza skrubu na kuichoma shaba, ukinzani unapanda, joto linaongezeka. Kwa hiyo ukifunga waya, kaza, kisha uvute kwa mkono uone kama unatoka. Waya ule wa nyuzi nyuzi upige sokotosokoto kwanza, na usiache uzi hata mmoja nje ya teminali. Menya urefu unaoingia tu: ukimenya kupita kiasi shaba inabaki wazi, ukimenya pungufu skrubu inabana plastiki.

Ndiyo maana nakwambia kufunga ni sehemu nyepesi ya kazi hii. Kinachomtofautisha fundi ni kuweza kuthibitisha, kabla ya kuwasha, kwamba alichofunga ni salama. Waringi mpya hupimwa ikiwa haina umeme. Unapima kama ethi imeungana kuanzia kwenye boksi la breka mpaka kila soketi. Unapima insulesheni, ile plastiki inayofunika waya, kwa mashine yake maalumu, ambayo kwa nyumba za kawaida husukuma volti 500 za umeme mnyoofu (DC, kama wa betri), na viwango vya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, vinataka usomaji usipungue megaomu 1. Multimita haiwezi kufanya kazi hiyo: inapima kwa betri yake ya volti chache, na waya uliochubuka kidogo wakati wa kuvutwa ndani ya paipu unaweza kuonekana mzima kwa volti hizo, halafu ukapiga shoti ukipewa 230. Baada ya hapo unahakikisha kila swichi imekata waya wa moto, ndipo unawasha na kujaribu breka ya uvujaji, ile yenye kitufe cha T, inayokata umeme ukivuja nje ya njia yake.

Jiulize kwa uaminifu ni vipimo gani kati ya hivyo umeshavifanya kwa mkono wako. Kama jibu ni hakuna, basi unajua unachokwenda kutafuta chuoni.

Mjomba wako ana haki kwamba chuo peke yake hakitoi fundi. Nimepokea vijana wenye vyeti vizuri ambao hawajui kupitisha waya kwenye kona ya paipu bila kuuchuna. Lakini saiti peke yake nayo hukufundisha makosa ya aliyekutangulia pamoja na ujuzi wake, na huna kipimo cha kuvitenganisha. Nchi zilizoizoea kazi hii huchanganya vyote viwili. Ujerumani uanagenzi wa umeme huchukua miaka 3 na nusu, mwanagenzi akigawanya muda kati ya kazini na shule ya ufundi. Marekani ni miaka 4 hadi 5 kwa kawaida. Si kwa sababu kufunga soketi kunachukua miaka minne. Ni kwa sababu makosa yasiyoonekana ni mengi na yanataka muda kuyajua yote.

Hesabu zisikutishe. Mwanzoni utahitaji kuzidisha na kugawanya tu: volti ni ampea mara omu, sheria aliyoitoa Georg Ohm mwaka 1827, na wati ni volti mara ampea. Ukizielewa hizo mbili mpaka ziwe kichwani bila kikokotoo, zaidi ya nusu ya matatizo ya nyumbani utayatatua ukiwa umesimama. Baadaye, ukifika kwenye umeme wa fezi tatu, yaani wenye nyaya tatu za moto, hesabu za pembetatu zitaingia, na mwalimu mzuri atakuvusha.

Nije kwenye woga, maana umeuandika kama mtu anayeona haya. Usione haya. Ninaowahofia ni wale walioacha kuogopa. Mtu mwenye jasho mikononi anaweza kuwa na ukinzani wa kama omu 1,000 tu kutoka mkono hadi mguu. Gawanya 230 kwa 1,000: unapata ampea 0.23, yaani miliampea 230. Kwa kawaida miliampea 10 hivi zinatosha kukaza misuli ya mkono ushindwe kuuachia waya, na kuanzia miliampea 30 moyo uko hatarini kama mkondo utaendelea. Sasa ilinganishe hiyo 0.23 na breka ya ampea 16. Breka haioni kitu. Mtu anaweza kufia kwenye waya na breka ikabaki juu, kwa sababu breka iliwekwa kuulinda waya usiungue, haikuwekwa kwa ajili yako. Inayokulinda wewe ni ile ya uvujaji ya miliampea 30, ambayo hukata ndani ya sekunde 0.3 au haraka zaidi. Nayo ina mpaka wake: ukishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine huku umesimama pakavu, yenyewe inaona mkondo uliokwenda ndio uliorudi, na inanyamaza.

Kwa hiyo woga wako usiufukuze, upe kazi. Kazi yake ni hii, na nataka uifanye kila mara bila kuruka hata hatua moja. Zima saketi unayotaka kuigusa, yaani nyaya zote zinazolishwa na breka moja. Funga breka yake kwa kufuli na ufunguo uweke mfukoni mwako mwenyewe, maana mtu mwingine ndani ya nyumba ataona taa imezimika atakwenda kuipandisha kwa nia njema kabisa. Bandika karatasi yenye jina lako. Kisha chukua kipimo chako ukakijaribu mahali unapojua pana umeme, uone kinasoma. Rudi pale unapofanyia kazi upime waya wa moto na nyutro, waya wa moto na ethi, nyutro na ethi. Vyote vikisoma sifuri, rudi tena ukakijaribu kipimo pale penye umeme. Mafundi wengi huiacha hatua hii ya mwisho wakidhani ni urembo. Kipimo kinaweza kufa katikati, betri ikaisha au waya wa ncha ukakatika ndani, na kipimo kilichokufa husoma sifuri kila mahali.

Ile bisibisi testa yenye taa ndogo ndani usiifanye shahidi wako. Taa yake huwaka kwa mkondo mdogo unaopita mwilini mwako, hivyo ukiwa juu ya ngazi kavu ya mbao inaweza isiwake wakati umeme upo. Na kuna wakaguzi wa kidole: mafundi wanaogusa waya kwa mgongo wa kidole kujua kama una umeme, na kijana anayewatazama anaona ni ushujaa. Tafadhali usiige hilo kwa mtu yeyote, hata awe mjomba.

Hapa najua una mtihani. Huwezi kumwambia mjomba wako, mbele ya mteja, kwamba anakosea. Wala huhitaji. Mwambie, “Mjomba, naomba niruhusu nipime kwanza, nataka mkono uzoee.” Hakuna mtu mzima anayemkatalia kijana anayetaka kujifunza. Pima, mwonyeshe usomaji, andika kwenye daftari. Baada ya wiki kadhaa yeye mwenyewe ataanza kukuuliza imesoma ngapi. Akikataa kabisa, akakulazimisha kufungua boksi lenye umeme ili kuokoa dakika tano, tafuta fundi mwingine wa kumsaidia, na uagane naye kwa heshima.

Kuhusu vifaa, vijana wengi hukimbilia drili. Drili utaazima. Anza na kipimo: multimita ya kweli yenye alama ya CAT III na volti zake zimeandikwa, au testa ya ncha mbili. Hizo CAT zinaeleza kifaa kinaweza kuhimili mruko wa ghafla wa volti wa mahali gani. CAT II ni kwa vyombo vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni kwa waringi ya jengo na boksi la breka, CAT IV ni kule umeme unakoingilia jengo. Ukishaipata, jifunze jambo moja mapema: baada ya kupima ampea, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti palepale. Waya ukibaki kwenye tundu la ampea, kisha ukapeleka ncha kwenye soketi ukidhani unapima volti, umetengeneza shoti kwa mikono yako miwili. Fyuzi ya ndani ya multimita nzuri itakuokoa. Ile ya bei ya kutupa pengine haina fyuzi inayostahili.

Baada ya kipimo, nunua bisibisi bapa na ya nyota zenye alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V, plaizi yenye alama hiyohiyo, kisu cha kukatia waya na kimenyaji. Viatu vya soli nene. Pete na saa ya chuma viache nyumbani. Vingine vitakuja vyenyewe kadiri kazi zinavyovidai.

Rangi za waya nazo zisikudanganye. Katika viwango vya IEC waya wa moto wa fezi moja ni kahawia, nyutro ni buluu, ethi ni kijani chenye mstari wa njano. Katika mtindo wa zamani wa Uingereza, uliosambaa sehemu nyingi za dunia, waya wa moto ulikuwa mwekundu na nyutro nyeusi. Uingereza yenyewe ilianza kuubadilisha kwenye nyumba mwaka 2004. Marekani waya mweusi ndio wa moto na mweupe ni nyutro. Maana yake waya mweusi katika nyumba moja ni nyutro na katika nyingine ndio utakaokupiga, na kwenye fezi tatu za IEC mweusi pia ni wa moto. Ongeza na fundi aliyeishiwa rangi akamalizia kwa aliyokuwa nayo. Rangi ikupe dhana; kipimo ndicho kikupe jibu.

Saiti, usidharau kazi ya kuchimba ukuta na kuvuta nyaya. Ukiwa unavuta, hesabu nyaya zilizoingia paipu moja na uangalie ni nani aliyezijaza mpaka hazipumui, kwa sababu nyaya zilizobanana hushindwa kutoa joto. Kwenye kila boksi acha waya wa ziada wa kutosha. Atakayekuja kurekebisha, ambaye huenda ni wewe, atakushukuru. Na daftari lako lisiwe la kuandika bei na namba za wateja tu. Chora kila saketi uliyofunga: inatoka breka ipi, unene wa waya, inaishia wapi, umepima nini ukapata ngapi.

Leseni sitaiongelea kwa kirefu kwa sababu kila nchi ina madaraja yake. Ila ukague sheria ya kwenu kabla hujapokea hela ya kazi yako ya kwanza peke yako, maana sehemu nyingi kufunga umeme bila kibali ni kosa, na nyumba ikiungua jina litakalotafutwa ni la aliyeshika bisibisi. Mpaka uwe nacho, kazi za majirani zipokee hivi: “Nitakuja na fundi wangu.” Utagawana malipo, ndiyo. Lakini mteja anabaki wako.

Usijisumbue sasa kuchagua kati ya majumbani, viwandani na sola. Ukimaliza mwaka wa pili utajua mkono unapendelea nini. Kama ni viwandani, mota na kontakta, zile swichi kubwa zinazoendeshwa kwa umeme, zitakushika. Kama ni sola, ujue mapema kwamba paneli haina swichi ya kuzima jua, na kwamba umeme mnyoofu ukikatwa ukiwa unapita huacha cheche inayoendelea kuwaka, kwa kuwa haurudi sifuri mara 100 kwa sekunde kama ule wa nyumbani wa hetzi 50. Kule nako utaanza upya na upimaji.

Imebaki breka ya jirani. Usiibadilishe. Mtu anayekuomba hivyo hana ubaya, amechoka tu kupanda na kushuka. Nenda na mjomba, mwulizeni ni vyombo gani huwa vimewashwa inapokata. Tuseme ni birika la wati 2,000, jiko la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200, vyote kwenye saketi moja. Jumla ni wati 5,200. Gawanya kwa 230, ni karibu ampea 22.6. Breka ya 16 inafanya kile ilichowekewa. Waya wa milimita mraba 2.5 ulio ndani ya paipu ukutani hubeba kama ampea 20, zikapanda au kushuka kidogo kulingana na jinsi ulivyopitishwa. Ukiweka breka ya 32, haitajikata tena, na kitakachokuwa kinapata moto ni waya ulioko ndani ya ukuta. Mwonyeshe hesabu hiyo kwenye karatasi. Watu huielewa haraka kuliko tunavyodhani. Kisha mkague kama skrubu za breka na soketi zimekaza na kama kuna dalili ya kuungua, na mjomba akikubali, mpitishe saketi mpya ya jiko peke yake kutoka kwenye boksi, yenye waya wake na breka yake. Mpaka siku hiyo ifike, jirani atumie chombo kimoja kimoja.